Je, Wajua? Maradhi ya Samaki, Kutoka Miamba ya Bajuni Hadi Tangi la Kioo

Je, wajua kwamba pono hulala ndani ya chandarua? Ndiye samaki tunayemtaja tunaposema fulani kalala usingizi wa pono. Usiku ukiingia, baadhi ya jamii za pono hujipenyeza katika nyufa za mwamba, wakatoa ute mdomoni ukawafunika mwili mzima. Mwaka 2011 watafiti walionyesha huko Australia kwamba pono walioondolewa ute huo walishambuliwa zaidi na vidudu wanyonya damu kuliko wale walioachiwa.

Je, wajua kwamba kuna samaki ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake? Ni mdogo, urefu wa kidole, ana mstari mweusi ubavuni, na wataalamu humwita Labroides dimidiatus. Hukaa mahali pake pale pale mwambani, wagonjwa wakamfuata. Chewa humwachamia kinywa chote na kutanua matamvua, naye huingia humo, akala vimelea na kutoka salama. Alexandra Grutter alichapisha mwaka 1999 kwamba msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Ndani ya tangi hapati hata chembe ya riziki hiyo, na wengi hukonda hadi kufa. Kwa maoni yangu asinunuliwe kabisa. Aachwe mwambani, anakotegemewa na wengi.

Wajua ni kangaja gani anayesifika kwa uzuri na kwa kuugua? Ni yule wa buluu hafifu, mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni. Anaishi katika miamba ya Bahari ya Hindi, na kutoka pwani ya Kenya husafirishwa akiwa hai pamoja na samaki wengine wa mapambo hadi Ulaya na Marekani. Akifika amechoka, haichukui siku nyingi mwili wake kutapakaa chengachenga nyeupe mfano wa chumvi.

Chenga hizo husababishwa na kimelea aitwaye Cryptocaryon irritans, na hapa inafaa tukae kidogo, maana asiyejua maisha yake atapoteza dawa na samaki pia. Kimelea hujichimbia chini ya ngozi ya samaki na kula humo kwa siku tatu hadi saba. Kisha hudondoka, hujishikiza mchangani au kwenye jiwe, na kujijengea gamba. Mwenye tangi hufurahi akidhani samaki amepona. Ndani ya gamba lile kimelea kimoja hujigawa hata kikawa mia mbili. Baada ya siku chache, au wiki kadhaa, watoto hutoka na kuogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili hufa.

Sasa tazama bahari. Kutoka Kisimayu hadi Ras Kamboni visiwa vimejipanga sambamba na bara, Koyama, Chovai, Chula na wenzao, na maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, huku mikondo ikipita kati yake. Vimelea wachanga huchukuliwa na maji, na wengi hawamwoni samaki mpaka muda wao unakwisha. Katika tangi la lita mia mbili hakuna pa kuchukuliwa. Watoto wote wanamrudia kangaja yule yule.

Ndiyo maana tiba ina sehemu mbili. Samaki wote wahamishiwe tangi la pembeni, na tangi kubwa likae bila samaki wiki sita hadi kumi, ili kila kimelea kitakachoanguliwa kikose pa kuingia. Huko pembeni shaba ndiyo dawa kongwe, kiasi cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, ikipimwa kila siku. Ikipungua haifanyi kazi, na ikizidi inaua samaki mwenyewe. Shaba haimgusi kimelea aliye chini ya ngozi wala aliye ndani ya gamba, humuua yule anayeogelea tu. Kamba, konokono na matumbawe hawaivumilii hata kidogo. Mchanga wa matumbawe nao huinyonya, kwa hiyo tangi la wagonjwa liwe tupu, bila mchanga wala mawe.

Je, wajua kwamba maji baridi nayo ni dawa? Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi hiyo ikishushwa polepole, kwa siku kadhaa, hadi gramu 15 au 16, na kushikiliwa hapo kwa wiki kadhaa, Cryptocaryon wengi hushindwa kuendelea, ilhali samaki wengi huvumilia. Karibu na Kisimayu, ambako mto Juba unaingia baharini, mkizi na mwatiko wanaweza kuishi penye chumvi nyingi na penye chumvi kidogo bila taabu. Matumbawe hayawezi.

Na minyoo bapa wang'ang'aniao ngozi na matamvua? Samaki huchovywa katika maji yasiyo na chumvi kwa dakika tatu hadi tano. Maji hayo yawe na joto sawa na ya tangi, na ukali wake wa asidi ulinganishwe kwanza. Minyoo hugeuka weupe na kuanguka. Samaki akilala ubavu na kuacha kupumua, mtoe mara moja.

Je, wajua kwamba dawa nyingi za samaki umeshazisikia zahanati? Klorokwini, ambayo Kenya iliiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, hutumika dhidi ya Amyloodinium, kimelea anayemfunika samaki wa baharini kwa vumbi la rangi ya dhahabu na kumuua haraka kuliko chenga nyeupe. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua wale minyoo bapa. Metronidazo ya kuhara damu hutumika kwa maradhi ya matumbo ya samaki wa maji baridi, wakiwemo wale wa Ziwa Tanganyika. Methilini buluu, ambayo Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliijaribu kwa wagonjwa wa malaria mwaka 1891, leo huzuia ukungu kwenye mayai ya samaki na kuwasaidia samaki waliodhurika kwa sumu ya naitraiti.

Hii si ruhusa ya kuponda vidonge vya mtoto na kuvimwaga tangini. Vidonge vina vichanganyio vingine, na antibiotiki ikitumiwa ovyo hufundisha bakteria kuishinda.

Wajua kwamba Wabajuni, wenyeji wa visiwa vile vya Koyama na Chovai, ni wafugaji wa samaki wa zamani? Chazo, samaki mwenye kinatio kichwani, alikuwa akiwekwa hai katika maji ya bahari, akafungwa kamba mkiani na kuachiwa karibu na kasa. Akishanata gambani, mvuvi huvuta. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliandika juu ya uvuvi huu wa pwani yetu katika jarida la Zoological Society of London, na Vinigi Grottanelli, Mwitalia aliyewatembelea Wabajuni, alichapisha kitabu kizima juu ya uvuvi na maisha yao mwaka 1955. Chazo aliyenata kwa papa aendaye kasi hupumua kwa kuachama tu, maji yakapita yenyewe. Akifungiwa, inambidi ayasukume mwenyewe, na maji yasipobadilishwa pumzi humwishia. Hakuna mvuvi aliyehitaji kifaa cha kupimia ili ajue hilo.

Pumzi yenyewe ni haba. Kwenye joto la nyuzi 30, maji baridi hubeba takriban miligramu 7.5 za oksijeni kwa lita, na maji ya bahari 6.2 tu. Samaki anayehema juu juu mwezi Machi, kusi halijaingia, huenda hana ugonjwa wowote. Anataka hewa.

Je, wajua kwamba tangi jipya linalong'aa ndilo la hatari? Samaki hutoa amonia kupitia matamvua. Bakteria huigeuza naitraiti, wengine wakaigeuza naitreti isiyo na makali hayo, lakini huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Maji ya bahari, kwa kuwa hayana asidi, huifanya amonia iwe kali zaidi. Ndiyo sababu mfuko wa safari ukifunguliwa samaki asikawizwe humo. Hewa chafu inatoka, asidi inapungua, na amonia iliyokuwa imetulia inageuka sumu.

Haraka haraka: samaki akivutwa kutoka kina cha mita kumi hadi juu, hewa ya kibofu chake huongezeka maradufu. Samaki wenye maambukizo, wakipewa nafasi ya kuchagua, huhamia maji ya joto zaidi, na baadhi yao hupona kwa njia hiyo.

Mkono wako nao uko hatarini. Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, alitambuliwa mwaka 1926 katika samaki waliokufa Philadelphia. Huingia kwenye mchubuko na kuacha vinundu visivyopona kwa wiki nyingi. Vaa glovu, na ukienda kwa daktari mwambie unashika samaki.

Na samaki uliyemchoka, mgonjwa au mzima, usimmwage baharini. Samaki mmoja mwenye mapezi marefu yenye miba ya sumu, mwenye jamaa katika miamba yetu, alionekana Florida mwaka 1985, na wataalamu wengi wanaamini alitoka kwenye matangi ya watu. Sasa ametapakaa Karibiani nzima, akila vifaranga wa samaki wasiomjua.