Mto mmoja, wahusika wengi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, mkoani Pwani, ukapita katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Salander. Anayetapisha choo juu ya mto mvua ikinyesha anawapelekea maradhi walio bondeni. Kipindupindu hakijui mpaka wa manispaa.

Ndugu msomaji, jua pa kupeleka kila tatizo. Taka zisizozolewa: anza serikali ya mtaa, kisha halmashauri. Bomba lililopasuka: DAWASA, inayohudumia pia Kibaha na Bagamoyo. Kiwanda kinachomwaga sumu mtoni: NEMC. Choo kilichojaa ni juu ya mwenye nyumba; aite gari la kunyonya majitaka. Nawe nyumbani, chemsha maji ya kunywa, nawa kwa sabuni.