Ramani ya Ubongo na Usemi wa Mitaa ya Eastlands

Tangu Paul Broca alipoeleza mwaka 1861 kwamba kuharibika kwa sehemu ya mbele ya ubongo kwaweza kumnyima mtu usemi, wataalamu wameyatafuta makao ya lugha kichwani. Kwa miaka mingi walitegemea zaidi kupasua ubongo wa wagonjwa waliokwisha kufariki. Mambo yalibadilika mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake walipoonyesha kuwa damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hutofautiana ndani ya sumaku kali. Mwaka 1992 matokeo ya kwanza ya njia hiyo kwa binadamu yalichapishwa.

Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu nyingi zaidi, na mtambo wa MRI hupima badiliko hilo. Kinachopimwa, basi, ni damu, wala si fikira. Tena badiliko hufikia kilele baada ya sekunde 5 hivi, ilhali neno hutamkwa kwa muda usiotimia sekunde moja.

Kwa kuwa ubongo haupumziki kabisa, mtafiti hana budi kulinganisha. Humpima mtu akisikiliza Kiswahili, kisha Kiingereza, halafu hutoa kipimo kimoja katika kingine. Kinachosalia ndicho kinachopakwa rangi katika ramani.

Hesabu hiyo hutatizika katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ambako Sheng imeshamiri. Mtoto wa Kaloleni au Jericho husema, “Mathe amekam.” Viambishi a- na -me- ni vya Kiswahili, mzizi -kam umetoka katika Kiingereza, na kadhalika mathe. Je, sentensi hii iwekwe upande gani? Mtafiti akiiita mchanganyiko, atatazamia dalili za juhudi ya kuhama lugha. Lakini mtoto aliyeirithi Sheng kwa wakubwa wake huenda hahami popote: kwake kukam ni kitenzi kama kula.

Mpaka wa lugha, kwa hiyo, haugunduliwi na mtambo. Huwekwa na aliyepanga jaribio. Mpaka ukikosewa, ramani itapendeza na itapotosha. Jambo hili si dogo, maana wapo wanaodai kuwa Sheng inadhoofisha akili za watoto, na picha yenye rangi hushawishi upesi. Tofauti ya mtiririko wa damu peke yake si ithibati ya upungufu. Yafaa wanaisimu wa Kiswahili washirikishwe tangu mwanzo, wachunguze historia ya lugha ya kila msemaji na kuzipima sentensi kwa masikio ya wenyeji, kabla mtu yeyote hajalazwa ndani ya sumaku.