Ulingo Mmoja, Kamera Mbili: Utangulizi wa Filamu ya Ngumi ya Bajeti Ndogo

Somo unaloliingia lina umri sawa na sinema yenyewe. Tarehe 14 Juni 1894, mwaka mzima na zaidi kabla watu wa Paris hawajalipa kiingilio kutazama picha za ndugu Lumière, mabondia wawili, Mike Leonard na Jack Cushing, walipigana mbele ya kamera katika studio ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey. Studio yenyewe ilikuwa kibanda cha mbao kilichofunikwa kwa karatasi nyeusi ya lami, chenye paa la kufunguka, na kibanda kizima kiliweza kuzungushwa kulifuata jua. Ulingo ulipunguzwa uenee mbele ya lenzi. Raundi nazo zilifupishwa zilingane na urefu wa utepe. Kilichofuata ndicho kinachonifanya nianze hapa: kila raundi iliwekwa katika mashine yake ya kuchungulia, na mteja alilipa upya kila alipohama mashine. Inasimuliwa kwamba wengi waliziruka zile za mwanzo wakaenda moja kwa moja kwenye ya mwisho, maana walijua huko kuna mtu anaanguka.

Tangu siku hiyo, kutengeneza filamu ya ngumi na kuiuza kumekuwa kazi moja. Aliyepanga raundi alipanga pia malipo. Miaka mitatu baadaye, Machi 1897, Enoch Rector alipiga picha pambano la Corbett na Fitzsimmons huko Carson City, Nevada, akatoa filamu iliyozidi dakika 100 wakati filamu nyingi hazikufika dakika moja. Wakati huohuo Siegmund Lubin wa Philadelphia, ambaye hakuwa na pambano wala mabondia, aliajiri watu wawili waigize raundi kwa raundi kama magazeti yalivyoziripoti, kisha akaiuza kazi hiyo kama mfano wa pambano. Rector na Lubin ni babu zetu wote wawili. Mmoja alipata tukio lenyewe, mwingine akalitengeneza kwa senti chache. Mwanafunzi wa leo anaanza kwa kuamua anamfuata yupi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Filamu ya ngumi inamfaa mwanafunzi asiye na fedha kwa sababu mchezo wenyewe umekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kujua, kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza wa muswada, ni nani atakaa chini aitazame.

Hebu tuitazame hiyo nusu ya kwanza. Ulingo ni mahali pamoja, panapoangazwa kutoka juu, pamezungushiwa kamba, na giza limejaa nje ya kamba. Watu wawili hawana pa kukimbilia. Kengele inafungua tukio na kengele inalifunga, na katikati kuna dakika moja ya mapumziko ambamo kocha anaweza kusema lolote ambalo hadithi inahitaji lisemwe. Hakuna mwandishi wa tamthilia aliyewahi kupewa jukwaa lililopangwa vizuri hivyo bila malipo. Robert Wise alilielewa hilo alipotengeneza The Set-Up mwaka 1949. Filamu ina dakika 72, na muda wa hadithi ni uleule wa filamu: saa ya mtaani inaonyesha saa tatu na dakika tano usiku wa pambano la bondia mzee, na tunakaa naye hadi mwisho bila kuruka. Mwigizaji mkuu, Robert Ryan, alikuwa bondia wa chuo alipokuwa mwanafunzi Dartmouth, na mabega yake yanaonyesha.

Filamu hiyohiyo inafundisha jambo la pili. Katika filamu ya ngumi, kinachokula fedha zaidi ni watazamaji wa ukumbini, kuliko hata mabondia wenyewe. Ukumbi wa watu elfu mbili hauwezi kukodiwa na darasa la watu wanane. Wise aliuonyesha umati kwa nyuso chache zinazorudiwa: kipofu anayesimuliwa pambano na mwenzake, mnene asiyeacha kutafuna, bwana mwenye redio sikioni anayefuatilia mchezo mwingine kabisa. Ukiwapata watu sita wenye nyuso za kukumbukwa, ukawapiga picha kwa karibu, nyuma yao pakawa giza, kisha ukaongeza kelele za ukumbi ulizozirekodi kwenye pambano la kweli, mtazamaji ataujaza ukumbi mwenyewe.

Ukosefu wa fedha uliwasaidia hata wakubwa. Rocky ya mwaka 1976, iliyoongozwa na John G. Avildsen, ilipigwa kwa siku 28 kwa bajeti ya takriban dola milioni moja, pesa kidogo sana kwa Hollywood. Sylvester Stallone alikuwa ameandika kwamba Rocky na Adrian wanateleza kwenye uwanja wa barafu uliojaa watu. Fedha za kuwalipa watu hao hazikuwepo, hivyo uwanja ukawa umefungwa, Rocky akamlipa mlinzi awaachie dakika kumi, na ule upweke wa watu wawili kwenye barafu tupu ukawa moyo wa filamu. Joho la kuvaa ulingoni lilipofika likiwa kubwa kupita kiasi, mhusika alipewa mstari wa kulilalamikia. Ninawasihi wanafunzi waisome filamu hii kama daftari la matatizo yaliyotatuliwa mezani kwa kalamu, maana kalamu ndicho kifaa pekee ambacho chuo chochote kinaweza kukimudu.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague kazi moja ya kuanzia, nachagua Day of the Fight ya Stanley Kubrick. Alikuwa na miaka 21, mpiga picha wa gazeti la Look, na hakuwahi kusoma chuo cha filamu. Mwaka 1949 gazeti hilo lilikuwa limechapisha picha zake za bondia Walter Cartier, kwa hiyo hakuingia kambini kama mgeni. Aprili 1950 alimfuata Cartier siku nzima ya pambano: kuamka, kifungua kinywa, ibada, daktari, kungoja, na kungoja tena, akiwa na pacha wake Vincent pembeni. Jioni akapiga pambano lenyewe huko Newark akisaidiana na rafiki yake Alexander Singer, kila mmoja na kamera ya Eyemo.

Hapa ndipo ufundi unapopendeza. Kamera ile ilibeba utepe wa futi 100, unaodumu zaidi kidogo ya dakika moja tu. Raundi ya ngumi ni dakika tatu. Kamera moja isingeweza kuimaliza raundi bila kusimama kubadilishwa utepe, na pambano haliwezi kuombwa lisubiri. Ndiyo maana walihitajiana: mmoja anapobadilisha utepe, mwingine anaendelea kupiga. Simu zetu za leo hazina tatizo hilo, lakini ukipiga tukio la kweli bado unahitaji kamera mbili, kwa sababu refa atasimama mbele ya moja kila mara ngumi nzuri inaporushwa. Tazama pia jinsi alivyoigawa filamu yenyewe. Ina dakika 16, na sehemu kubwa yake ni kungoja. Kungoja hakugharimu kitu, na ndiko kunakomfanya mtazamaji amwogopee Cartier kengele inapolia.

Sasa tuzungumze fedha, maana Kubrick hakuzificha. Singer alikuwa akifanya kazi kwa watengenezaji wa The March of Time, mfululizo wa filamu fupi za habari, na huko alisikia kwamba filamu fupi moja inawagharimu dola 40,000. Wakapiga hesabu: wakitengeneza kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo, faida itakuwa nono. Filamu ikagharimu takriban dola 3,900. Walipoipeleka sokoni, wanunuzi walitaja bei zilizo chini ya gharama, na The March of Time yenyewe ilikuwa inaelekea kufungwa, ikafungwa mwaka 1951. Mwishowe RKO-Pathé iliinunua kwa dola 4,000. Faida: dola 100. Lakini mnunuzi huyo ndiye aliyegharimia filamu fupi iliyofuata, na Kubrick akaacha kazi ya gazeti. Bei ilikuwa imejengwa juu ya mnunuzi mmoja aliyesikika kwa mbali, na hilo ndilo kosa la soko ninaloliona mara nyingi zaidi katika miradi ya vyuo. Kilichomwokoa ni kwamba filamu ilikuwa na mtu halisi, siku moja, na mwisho unaoeleweka, kwa hiyo mnunuzi mwingine aliweza kuitumia.

Kubrick alirudi ulingoni mwaka 1955 na Killer's Kiss, hadithi ya kubuni ya dakika 67. Picha alizipiga bila sauti, sauti zikaingizwa baadaye, na kazi hiyo ya baadaye ikawa mzigo mzito. Nawaomba wanafunzi wangu waweke fedha za sauti kando kabla ya zile za kamera. Ngumi ya filamu huaminiwa kwa sikio. Katika Raging Bull ya 1980, Frank Warner alitengeneza mapigo kwa kuponda matikiti na nyanya, akayachanganya na sauti nyingine nyingi. Vitu hivyo vinapatikana soko lolote, liwe Kariakoo au Marikiti.

Ngumi yenyewe isimguse mtu. Panga kamera, ngumi na uso wa anayepigwa katika mstari mmoja, na nafasi iliyo kati yao itapotea machoni, hasa ukitumia lenzi ndefu. Anayepigwa ndiye anayeigiza pigo: kichwa kikichelewa, hakuna uhariri utakaokiokoa. Fanyeni mazoezi polepole, kwa glovu kubwa za wakia 16, hadi kila mmoja ajue hatua zake akiwa amefumba macho. Kamera ikiingia ulingoni iingie kama mshiriki. James Wong Howe alifanya hivyo katika Body and Soul ya mwaka 1947, akiwa na kamera mkononi na viatu vya magurudumu miguuni. Sioni sababu ya kikundi cha wanafunzi kushindwa kumwiga kwa kiti cha magurudumu.

Kuhusu waigizaji, kuna mabishano ya kweli. Wapo wanaosema umchukue bondia umfundishe kuigiza, na wapo wanaosema kinyume chake. Karyn Kusama, aliyekuwa amejifunza ngumi mwenyewe Brooklyn, alimchagua Michelle Rodriguez ambaye hakuwa na uzoefu wa kuigiza wala wa ulingo, akampeleka mazoezini kwa miezi, na Girlfight ikapata tuzo kuu ya Sundance mwaka 2000 kwa pamoja na filamu nyingine. Mimi naegemea upande wa bondia halisi kwa mradi mfupi. Muhula hauna miezi ya kutosha kumjenga mtu miguu, na miguu haidanganyi.

Afrika nayo imechangia somo hili kwa uzito. Leon Gast alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kupiga tamasha la muziki lililoambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa kutoka Septemba hadi tarehe 30 Oktoba, na wiki hizo za kungoja zikampa Gast hazina ya picha za Ali akitembea na kuongea na watu wa mji ule. Kisha fedha na migogoro ya umiliki ikaikalia kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, ikatwaa tuzo ya Oscar. Anayedhani karatasi za haki ni mambo ya mawakili aihesabu miaka hiyo.

Kwetu, simulizi hazijakosekana. Titus Simba aliiletea Tanzania medali ya fedha ya ngumi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Robert Wangila aliipa Kenya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akafariki mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas. Hassan Mwakinyo wa Tanzania alimsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018, na vijana wengi waliokuwa hawafuatilii ngumi wakaanza kuzifuatilia. Maana yake ni kwamba hadhira ipo tayari, na ina mahali pake pa kukutania. Usiku wa mapambano, kabla ya yale ya utangulizi, ukumbi hukaa muda mrefu ukingoja. Filamu ya dakika 12 kuhusu bondia wa mtaa huohuo, ikionyeshwa ukutani kwa makubaliano na promota, itapata watazamaji ambao hakuna tangazo la mtandaoni linaloweza kukuletea. Bango lifuate mtindo wa mabango ya ngumi yanayobandikwa mitaani: nyuso mbili, tarehe, ukumbi, kiingilio. Watu wanajua kulisoma. Vibanda umiza vije baadaye, na mtandao uje mwisho, kwa sababu yapo matamasha yanayokataa filamu iliyokwisha kuwekwa yote hadharani, na ni hasara kuikosa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kwa pupa ya siku moja. Kibali cha Bodi ya Filamu kwa walio Tanzania, na uainishaji wa bodi ya filamu kwa walio Kenya, viombwe mapema. Wimbo wa msanii maarufu usiingie kwenye trela bila ruhusa yake ya maandishi.

Limebaki jambo ambalo vitabu vingi vya uzalishaji hulipitia haraka. Bondia unayempiga picha anatumia mwili wake kukupa filamu, na kipato chake mara nyingi ni kidogo kuliko ada yako ya muhula. Mkubaliane kabla: atalipwa nini siku za kupiga picha, atapata sehemu gani filamu ikiuzwa, na ni picha zipi ana haki ya kuzikataa, hasa zile za kupigwa na kuanguka. Makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili, ayasome na kocha wake, na nakala moja abaki nayo yeye kabla kamera haijatolewa mkobani.