Je, Vijana wa Leo Hawana Adabu?

Juni 2024 vijana wa Kenya walijaza barabara za Nairobi kupinga Mswada wa Fedha uliokusudia kuongeza kodi. Hawakuwa na chama wala kiongozi mmoja. Walipangana kupitia TikTok na X, wakimwita Rais William Ruto kwa jina la Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Tarehe 26 rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Kwa wazee waliolelewa kuinama mbele ya mkubwa, kumtania mkuu wa nchi mchana kweupe ni utovu wa adabu.

Lawama hizi si ngeni.

Mwaka 2019 wanasaikolojia John Protzko na Jonathan Schooler walichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wazima wa Marekani wanavyowaona vijana. Waliothamini sana mamlaka ndio hasa waliosema vijana hawaheshimu wakubwa. Waliosoma sana vitabu ndio waliodai vijana hawapendi kusoma. Kumbukumbu huchangia: mtu huwavika vijana wa zamani tabia aliyo nayo yeye leo, kisha wa sasa wakaonekana wamepungukiwa.

Hata hivyo, mengine yamebadilika kweli. Kijana aliyezoea kuandikiana ujumbe huona simu ya ghafla ni usumbufu, ilhali shangazi yake huona kutopokelewa ni dharau. Naye mwenye shahada anayeishi kwa vibarua hukwepa sherehe za ukoo, kwa kuwa maswali ya kazi na ndoa humngoja huko. Jamaa husema anaringa, au hajiamini. Wachache humuuliza kodi ya nyumba anailipaje.