Aiskrimu ya mursik huanzia jikoni, si kwenye barafu
Mursik, maziwa yanayochachushwa kibuyuni kwa unga wa mkaa wa mti wa senetwet, huwapa wapishi wa Kapseret, karibu na Eldoret, ladha adimu ya aiskrimu: ukali wenye harufu ya moshi.

Kwanza maziwa yachemshwe, yapoe, kisha yatiwe kibuyuni. Baridi haiui vijidudu vya bruselosi. Moto ndio huviua.

Mursik ikishaiva, huchanganywa na krimu na sukari ndani ya sufuria yenye kifuniko, inayozamishwa katika ndoo ya barafu iliyotiwa chumvi. Chumvi hushusha baridi ya barafu chini ya nyuzi 0, na mchanganyiko huganda bila friji. Ukorogwe mara kwa mara ili uwe laini. Sukari izidishwe kidogo, kwani baridi hupunguza utamu ulimini.