Tiba ya Homoni kwa Mtoto Aliye Tumboni

Tukijadili habari za huntha, sisi wanatheolojia hufungua Isaya 56 na Mathayo 19, panapotajwa matowashi, tukaishia hapo. Katika wodi ya wazazi ya hospitali kama Iambi, ya Dayosisi ya Kati ya KKKT mkoani Singida, swali huanza kwingine: mama anauliza amejifungua mtoto gani, na mkunga hana jibu.

Sababu mojawapo ni ugonjwa wa kurithi wa tezi adrenali, zilizo juu ya figo. Tezi hizo hushindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha, zikatoa homoni za kiume kwa wingi. Hivyo binti mwenye mji wa mimba kamili huzaliwa na viungo vya nje vinavyofanana na vya kiume.

Mwaka 1984 madaktari wa Ufaransa walieleza kwamba mama akipewa deksamethasoni mapema, hali hiyo huweza kuzuiwa. Lakini dawa haina budi kuanza kabla ya wiki ya 9, ugonjwa ukiwa haujathibitishwa. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba chake, hutazamiwa mimba 1 kati ya 4 kuwa na ugonjwa, na nusu ya hizo ni za kike. Basi kati ya watoto 8 wanaoanzishiwa dawa, 7 hawaihitaji. Siku hizi damu ya mama huonyesha mapema jinsia ya mtoto, na wavulana huepushwa. Hata hivyo wasichana 3 kati ya 4 huipokea bure. Mwaka 2010 chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kilishauri tiba hii ihesabiwe kuwa ya majaribio.

Deksamethasoni si ngeni kwetu: mama anayetazamiwa kujifungua kabla ya wakati hupewa dozi chache, mapafu ya mtoto yakomae. Hapo maisha yanaokolewa. Katika tiba tunayoijadili, wazima wanahatarishwa kwa ajili ya umbo la mmoja, ambaye hata hivyo atahitaji dawa maisha yake yote. Kwangu mimi, hesabu hiyo haikubaliki.

Kinachoua ni kupotea kwa chumvi mwilini. Katika wiki za kwanza mtoto hutapika na kukaukiwa maji. Mvulana, ambaye viungo vyake havionyeshi dalili, hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa tumbo tu. Haidrokotisoni, fludrokotisoni na chumvi humwokoa.

Mchungaji akiitwa kwa ubatizo wa dharura asingoje jinsia ijulikane. Akimaliza, amwulize daktari kama chumvi ya damu imepimwa.