Fildi ya Ustawi wa Jamii Iringa: Haki Kabla ya Huruma

Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wa ustawi wa jamii wenyewe huyaita fildi, ni kipindi ambacho mwanafunzi huondoka darasani akafanya kazi chini ya msimamizi katika halmashauri, hospitali au asasi ya kiraia, na kwa anayepangiwa kuhudumia watu wenye ulemavu mkoani Iringa, somo la kwanza ni tofauti iliyopo kati ya msaada na uchechemuzi. Msaada humpatia mtu kitimwendo. Uchechemuzi, yaani kazi ya kuwashawishi na kuwabana wenye mamlaka watekeleze haki iliyokwisha kutambuliwa, huhoji kwa nini ofisi anayoiendea mtu huyo ina ngazi tupu. Katika mji uliojengwa juu ya kilima, ukiutazama Mto Ruaha Mdogo bondeni, swali hilo halikwepeki.

Haki zenyewe zimekwisha kuandikwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Hata hivyo, sheria isiyojulikana na anayelindwa nayo hubaki kabatini, na ndiyo maana kumsomea mtu asiyeona masharti ya mkopo, au kuketi na kikundi mpaka andiko la mradi likamilike, ni kazi ya kitaaluma kamili, wala si shughuli ya kupitisha muda.

Iringa ina mfano ambao mwanafunzi hapaswi kuupita. Karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kisha ikapanuka hadi kwenye ufumaji, ushonaji na mgahawa unaohudumiwa na viziwi. Ndani ya mgahawa huo mambo hugeuka: anayesikia lakini hajui lugha ya alama, yaani lugha kamili ya mikono na uso yenye sarufi yake, ndiye anayekwama, na hapo hudhihirika kile ambacho wataalamu hukiita mtazamo wa kijamii wa ulemavu, kwamba kinachomlemaza mtu mara nyingi ni mazingira na desturi za wengine kuliko mwili wake.

Kasoro kubwa ya fildi ni ufupi wake. Mwanafunzi hufunga kitabu chake cha kumbukumbu pale tu watu wanapoanza kumwamini, na akiwa amezoea kuwasemea badala ya kuwapisha waseme, huacha pengo alilolichimba mwenyewe. Vyuo, basi, viwafundishe wanafunzi misingi ya lugha ya alama kabla ya kuwapanga, na viwakabidhi kwanza kwa vyama vya watu wenye ulemavu, wajifunze kwa wenye haki yao.